Kansa ya tumbo na sisi wa mlimani Kilimanjaro: ni mbege, ni maji, au kuna kingine?

#1 Mrombo wa Mashati
Wakuu, salaam.

Jumamosi tumemzika baba yangu mkubwa. Ni wa tatu kwenye ukoo wetu ndani ya miaka minane, wote kansa ya tumbo. Na ukitoka kihambani kwetu ukashuka mpaka barabara ya lami, utapita nyumba nyingine nne zenye msiba wa aina hiyohiyo.

Mzee alianza na kiungulia. Zahanati moja (sitaitaja) ikampa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Zikiisha anarudi, anapewa nyingine. Mwaka mmoja na nusu. Hakuna aliyemwambia akapige kipimo cha kamera, ule mpira unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni. Ikafika mahali akila vijiko vitatu vya mtori anasukuma bakuli, eti kashiba. Huyu ni mtu aliyekuwa anamaliza sinia la ndizi na mfupa juu yake. Tukawa tunamtania kwamba uzee umefika. Tulipoona anapata choo cheusi kama lami ndipo tukamkimbiza Moshi. Wakafungua tumbo, wakatazama, wakafunga.

Jana tunapanga vitu vyake nimeukuta mkanda wake umetundikwa nyuma ya mlango. Una matundu manne ya ziada, kayatoboa mwenyewe kwa msumari, moja baada ya jingine.

Sasa nauliza. Shemeji anasema ni mbege, pombe yetu ya ndizi. Mchungaji anasema ni maji. Mama mkubwa anasema kuna mkono wa mtu. Nyie mnasemaje? Mbona ndugu zetu wa pwani siwasikii na ugonjwa huu?

#2 Chalii wa Himo
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, na kwetu wapo wawili.

#3 Kata Tatu
Pole kwa msiba. Ila tusianze kuisingizia mbege. Babu yangu kaifanya chai ya asubuhi mpaka miaka 91, kafa kwa kuanguka kwenye mgomba. Ndizi, ulezi na magome ya msesewe, hapo sumu iko wapi?

#4 Zamu ya Usiku
Pole mtoa mada. Mimi ni tabibu, nipo wodini kwa hiyo nitaandika kwa vipande.

Mtuhumiwa wa kwanza duniani kote si pombe wala maji, ni bakteria anayeitwa H. pylori. Anakaa kwenye utando wa mfuko wa chakula, humo humo kwenye asidi. Wengi wetu tunaambukizwa utotoni, ndani ya nyumba. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikoroga bakteria hao akawanywa ili wenzake waache kumbishia. Baada ya siku chache akaanza kutapika na utando wa tumbo lake ukakutwa umevimba. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Na tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limemweka mdudu huyu kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa, kundi moja na sigara.

Njia yake ni ndefu. Utando unavimba miaka na miaka, unakonda, chembe zake zinaanza kufanana na za utumbo, halafu zinaharibika. Inaweza kuchukua miongo kadhaa. Naitwa, narudi.

#5 Mama wa Chumbageni
Pole mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Mimi niko Tanga. Hao wadudu na sisi tunao, nusu ya mtaa wangu wameambiwa wana H. pylori. Ng'onda na papa mkavu wa chumvi tumekula tangu tunaota meno, na pilipili juu. Sasa mbona hayo makansa ya tumbo kwetu ni ya kuhesabu?

#6 Mrombo wa Mashati
Shikamoo mama. Hapo ndipo swali langu lilipo. Kama mdudu yupo kote, kwa nini auwe mlimani?

#7 Mzee wa Maabara
@Mama wa Chumbageni umegusa jambo ambalo wataalamu wamebishana zaidi ya miaka thelathini. Walilipa hata jina, fumbo la Afrika: wadudu wengi, kansa chache. Ila wengine wakasema hakuna fumbo, kuna uhaba wa kamera. Mtu anafia kijijini, wanaandika "tumbo" basi. Moshi hospitali ya rufaa ipo miaka mingi, wana macho ya kuona. Penye tochi ndipo panya huonekana wengi.

Na kuhusu "nusu ya mtaa wameambiwa wana H. pylori", kwanza niulize walipimwa kwa kipimo gani. Kile kipimo cha tone la damu kidoleni kinaonyesha askari wa mwili, siyo mdudu. Askari wanabaki hata vita ikiisha. Nawaona watu wanapimwa damu, wanameza dozi, wanapimwa tena damu, "bado unao", dozi tena. Mdudu kaondoka zamani, mtu anatibiwa historia. Kipimo cha choo ndicho kinachomtafuta mdudu mwenyewe, na hicho nacho kinadanganya kama hujaacha omeprazoli wiki mbili na antibayotiki wiki nne.

#8 Chalii wa Himo
"Mtu anatibiwa historia" 😂😂 Mzee umenisema mimi, dozi tatu mwaka huu.

#9 Mwana Kivu
Bandugu, pole kwa mwenye uzi. Mimi niko Bukavu. Kwetu ile maladi iko mingi sana, na Rwanda na Burundi njo vilevile. Hatuna mbege, tuko na kasiksi, nayo ni pombe ya ndizi. Lakini bapasta benye habakunywaka ata tone, nao banakufaka nayo. Kitu kenye tunafanana na nyinyi ni milima.

#10 Kata Tatu
@Mwana Kivu asante kwa ushahidi. Wapasta wameikomboa mbege.

#11 Shemeji Mtata
Hajaikomboa bado. Pasta hanywi ila mke wake anapika kwa kuni ndani ya nyumba iliyofungwa kwa baridi. Moshi mtupu. Mlimani mnakausha nyama juu ya moshi, mnatia magadi kwenye kila sufuria, kisha mnatafuta mchawi.

#12 Kipchumba Halisi
Wadau, niko Bomet, Kenya. Hapa kwetu pia kuko juu, na kansa imetumaliza. Hospitali ya Tenwek wamekuwa wakiiona kwa vijana wa chini ya miaka 30. Watu walilaumu mursik, yale maziwa tunaweka kwa kibuyu kilichopakwa mkaa, na chai ya moto sana. Kwa hivyo @Shemeji Mtata hiyo ya moshi sikatai.

#13 Mzee wa Maabara
@Kipchumba Halisi pole, ila tutenganishe. Hiyo ya vijana, ya mursik na chai ya moto, ni kansa ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kushuka. Mgonjwa wake analalamika chakula kinakwama. Tunayoijadili ni ya mfuko wenyewe, mgonjwa anashiba kabla hajala. Watu wanazichanganya kila siku. Mwaka 2016 vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vilitajwa kama kihatarishi kinachoshukiwa, lakini ni kwa umio.

#14 Kipchumba Halisi
Sawa mwalimu. Lakini hapa tuko na zote mbili. Shangazi yangu ilikuwa ya tumbo kabisa.

#15 Zamu ya Usiku
Nimerudi. @Mzee wa Maabara yuko sahihi. Niongeze pale kwa mtoa mada, kuhusu omeprazoli. Dawa yenyewe siyo adui. Shida ni kwamba inapunguza asidi, na hata kidonda ambacho tangu mwanzo kilikuwa kansa kinaweza kutulia na kufunika ngozi juu. Mgonjwa anasema napata nafuu, tabibu anaandika tena. Kwa mtu wa makamo kwenda juu mwenye kiungulia kipya, anayekonda, anayeshiba haraka, mwenye upungufu wa damu au choo cheusi, kamera itangulie, na wachukue kinyama kidogo cha kupima. Anayesubiri mpaka limtoke tezi juu ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa kati ya shingo na bega, au tumbo lijae maji, hapo tunazungumza lugha nyingine.

#16 Dawa Asili Original
Habari zenu. Nina mchanganyiko wa bamia, unga wa ndizi mbichi na majani 7 ya siri, unatibu vidonda vya tumbo na kansa hatua zote ndani ya siku 21. Njoo PM.

#17 Chalii wa Himo
Hatua zote? Hata ile ya kushuka kaburini?

#18 Mama wa Chumbageni
Baba bamia tuachie tupikie mchuzi.

#19 Kagera Boy
Vidonda vya tumbo visipotibiwa ndio vinageuka kansa, hili linajulikana. Ndio maana watu wa mawazo mengi wanaipata.

#20 Zamu ya Usiku
@Kagera Boy linajulikana vibaya. Vidonda vya utumbo mwembamba wa mwanzo, ambavyo ndivyo vingi kwetu, havigeuki kansa, na wenye vidonda hivyo wanaonekana kupata kansa ya tumbo KIDOGO kuliko wengine. Kidonda cha kwenye mfuko ndicho cha kutilia shaka, na mara nyingi siyo kwamba kimegeuka, kilikuwa kansa tokea siku ya kwanza. Ndio sababu ya kurudia kamera baada ya matibabu kuhakikisha kimefunga. Mawazo yanachoma tumbo ndiyo, ila sijaona yanazaa uvimbe.

#21 Mwenge wa Nagoya
Wakuu niko Japani mwaka wa 12. Huku kansa hii ni ugonjwa wa taifa, na hakuna mbege. Kuna chumvi: samaki wa chumvi, mboga za chumvi, supu ya chumvi. Kazini kwetu ukifika miaka 40 unapimwa. Unapewa unga unaotoa gesi tumboni, halafu kikombe cha baryamu, dawa inayoonekana kwenye eksirei, kizito kama chokaa ya kupaka ukuta. Unakatazwa kubeua! Unalazwa juu ya meza inayozunguka, sauti inakuamuru kwenye spika geuka kulia, geuka kushoto, kichwa chini. Mimi nilibeua mara moja wakanipa unga tena. Siku mbili unakwenda chooni kama unatoa sementi.

Ila wanaikuta ikiwa ndogo kama punje ya dengu, wanaikwangua kwa mpira wa kamera, mtu Jumatatu yuko kazini. Na tangu 2013 bima yao inalipia kumuua H. pylori hata kama huna kidonda, ilimradi kamera imeonyesha utando umevimba.

#22 Kagera Boy
@Mwenge wa Nagoya kaka IST ya 2008 kilomita chini ya laki moja mpaka Dar inasimama shilingi ngapi?

#23 Mwenge wa Nagoya
Nilijua tu. PM.

#24 Mrombo wa Mashati
Jamani uzi wa msiba huu 😅

#25 Bint Uru
Mama yangu anayo. Au niseme alikuwa nayo, maana ni mwaka wa sita.

Alibahatika kwa ajali. Alipungukiwa damu, daktari kijana wa zamu akagoma kumpa vidonge vya kuongeza damu mpaka ajue inapotea wapi. Kamera ikakuta. Alitolewa mfuko wote wa chakula. Ndiyo, mtu anaishi bila tumbo, hata mimi sikuamini. Wanaunganisha umio na utumbo moja kwa moja. Sasa anakula mara sita kwa siku kwenye kibakuli cha mjukuu chenye picha ya sungura, hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Akinywa uji wa sukari haraka, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, anajilaza nusu saa. Kila baada ya miezi anachoma sindano ya vitamini B12, kwa sababu bila mfuko mwili hauwezi kuichukua kwenye chakula. Kakonda, ila jembe anashika.

Sisi hatujawahi kunywa mbege nyumbani, ni Wasabato.

#26 Mrombo wa Mashati
@Bint Uru umenipa nguvu na umeniliza. Mpe mama shikamoo yangu.

#27 Kata Tatu
Wasabato nao wameikomboa mbege. Mbili bila.

#28 Mwalimu wa Jiografia
Niingize la kwangu. Huko Kolombia, jimbo la Nariño, kuna mji wa pwani unaitwa Tumaco na mji wa mlimani unaitwa Túquerres. Wote wamejaa H. pylori. Mlimani kansa ya tumbo ilihesabiwa kama 150 kwa kila watu 100,000, pwani kama 6. Jimbo moja! Maelezo yakawa mengi. Wapo waliosema ni chumvi na mboga. Wapo waliosema pwani watoto wana minyoo mingi, na minyoo inaupoza ule mpambano wa mwili dhidi ya bakteria, hivyo utando hauharibiki sana. Halafu 2014 wakatoka na jingine: watu wa pwani wana asili ya Afrika na bakteria wao ni wa asili ya Afrika, wamezoeana kizazi kwa kizazi. Mlimani watu ni wenyeji wa Amerika, bakteria wao kaja na Wazungu. Mgeni na mwenyeji hawajazoeana, nyumba inaungua.

#29 Mama wa Chumbageni
Kwa hiyo minyoo ndiyo inayotulinda sisi watu wa pwani? Na ule mwaka mzima nilivyohangaika kuwapa wajukuu dawa!

#30 Mwalimu wa Jiografia
Endelea kuwapa mama, minyoo ina madeni yake.

#31 Shemeji Mtata
Nadharia ya bakteria mgeni haitufai Rombo. Sisi ni Waafrika, mdudu ni Mwafrika, na bado tunakufa. Rudini kwenye moshi na magadi.

#32 Lake Zone Hasa
Mnaongea milima kana kwamba sisi hatufi. Mwanza siyo mlima. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Bugando walichapisha hesabu ya wagonjwa 232 wa kansa ya tumbo, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walifika hatua ya tatu au ya nne. Baba yangu alikuwa mvuvi, usawa wa ziwa kabisa. Hiyo hoja ya mwinuko naiona ya kitalii.

#33 Mzee wa Maabara
@Lake Zone Hasa hakuna aliyesema bondeni haipo. Lakini ukichora ramani kuanzia Kivu, Rwanda, Burundi, nyanda za kusini magharibi mwa Uganda, Kilimanjaro mpaka Mlima Kenya, huwezi kuacha kuona kitu. Kama ni udongo wa volkano, kama ni baridi inayofungia familia chumba kimoja wakaambukizana utotoni, kama ni chakula, kila mmoja anavuta kwake.

#34 Chalii wa Himo
Floridi ya kwenye maji je? Si ndiyo inayofanya meno kahawia kule Maji ya Chai, Arusha?

#35 Mzee wa Maabara
Floridi inaharibu meno na mifupa, hiyo sikatai. Lakini ingekuwa ndiyo inayoleta kansa hii, meno ya watu wa Mashati yangekuwa kahawia kuliko ya Maji ya Chai. Mtoa mada tuonyeshe meno.

#36 Mrombo wa Mashati
Meupe kama ya Mama wa Chumbageni.

#37 Mama wa Chumbageni
Yangu yalishaondoka mwanangu.

#38 Kagera Boy
Mimi nimesoma kundi la damu A wanaipata zaidi. Mimi ni A. Kwisha habari yangu.

#39 Zamu ya Usiku
Hilo ni la kweli na ni la zamani, Waingereza waliliona 1953. Lakini ongezeko ni dogo, kama asilimia 20 juu ya wengine. Sigara itakuua kabla ya damu yako. Ya kurithi yenye nguvu ipo, ila ni adimu: kuna familia ya Wamaori wa New Zealand walikuwa wanakufa kizazi hadi kizazi, 1998 ikapatikana jeni yenyewe ya urithi, CDH1. Wenye jeni hiyo yenye hitilafu wengine wanatolewa tumbo wakiwa wazima. @Mrombo wa Mashati watatu kwenye ukoo mmoja, mwambie daktari hivyohivyo, wala usiseme tu "naumwa tumbo".

#40 Kata Tatu
Napoleon naye alikufa nayo kisiwani Saint Helena 1821, na baba yake kabla yake tumbo lilelile. Hakuwahi kukanyaga Rombo wala kuonja mbege. Tatu bila.

#41 Mwalimu wa Jiografia
Alizaliwa Corsica. Kisiwa cha milima mitupu.

#42 Kata Tatu
Dah.

#43 Mwana Kivu
😂😂 Milima imerudisha goli.

#44 Mrombo wa Mashati
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Wengi mliniuliza PM.

Nimekwenda Moshi na mdogo wangu. Nilimwambia daktari maneno yaleyale ya #39, akaacha kuandika akaniangalia. Kipimo si cha kutisha kama nilivyohadithiwa. Wanakupulizia dawa kooni, ulimi unakuwa kama wa mtu mwingine, unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kidude cha plastiki, mpira unapita. Machozi yanatoka, unacheua, dakika chache imeisha. Mimi utando umevimba, H. pylori yupo, nimepewa dawa aina tatu siku 14. Ile moja inafanya kila kitu kiwe na ladha ya sarafu mdomoni. Mdogo wangu wamekuta sehemu hawakuipenda, wamechukua vinyama vinne. Majibu wiki mbili. Yeye ana miaka 34 na haumwi chochote, alikuja kunisindikiza tu.

Mama mkubwa bado anasema kuna mkono wa mtu. Lakini leo asubuhi kaniuliza hicho kipimo bei gani.

#45 Zamu ya Usiku
Maliza siku zote 14, hata ukijisikia mzima. Kisha pima choo tena baada ya wiki nne, siyo kabla. Na ya mdogo tuletee.

#46 Bint Uru
Tunamuombea. Mama anasema umwambie mdogo wako asiache kula kwa hofu, anenepe kwanza.

#47 Kata Tatu
Na mbege?

#48 Mrombo wa Mashati
Dozi haitaki pombe. Baada ya hapo nimejiwekea kata moja, Jumapili tu.

#49 Chalii wa Himo
Kata ya kawaida, au ile ya msibani inayoshika lita mbili?